Kadi ya Salamu kwa Mkono Wako



Siku za Kwaresima zaenda mbio. Wengi miongoni mwenu mmekwisha kuandikwa majina, nanyi mnahesabu majuma yaliyobaki mpaka Mkesha wa Pasaka, usiku ule mtakapopokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi Takatifu. Mnajifunza sala, mnajifunza amri za Mungu, mnajifunza sakramenti. Hayo yote ni mema, tena ni ya lazima. Lakini liko deni moja ambalo wakatekumeni wengi hulisahau, nalo ni deni la salamu.

Wako watu waliowafikisha hapa mlipo. Yuko mama aliyekupa ruhusa uende kwenye mafundisho, ingawa palizi ilikuwa nyingi shambani. Yuko baba au mama wa ubatizo, atakayesimama nyuma yako na kukuwekea mkono begani. Tena wako wengine ambao hujawasalimu kwa muda mrefu, si kwa sababu wakaa mbali, bali kwa sababu ya ugomvi. Hao nao wangojea salamu yako.

Somo la leo ni kazi ya mikono: kutengeneza kadi ya salamu za Pasaka, yenye uwanja wa rangi za maji, yaani rangi nyepesi iliyotandazwa kwanza, kisha maneno yakaandikwa juu yake. Kazi yenyewe si ngumu. Lakini msomapo, sikilizeni vilevile fundisho lililofichwa ndani yake.

1. Kadi ya salamu ni kitu gani?

Kadi ni karatasi nene iliyokunjwa mara moja, yenye picha au rangi upande wa nje, na maneno machache ndani.

Kadi ya kwanza ya Noeli iliyopigwa chapa na kuuzwa ilitoka London, Uingereza, mwaka 1843. Bwana mmoja, jina lake Henry Cole, alikuwa na barua nyingi za kujibu, wala hakuwa na nafasi ya kuwaandikia rafiki zake wote. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja. Picha hiyo ikapigwa chapa, kisha nakala zikatiwa rangi kwa mkono. Katikati ilionyesha jamaa waliokaa mezani kwa furaha. Na huku na huku ilionyesha watu wakiwalisha wenye njaa na kuwavika wasio na nguo.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza: hata katika furaha ya sikukuu, kadi ile ilikumbuka matendo ya huruma. La pili: Bwana Cole alitaka kadi kwa sababu alikosa nafasi. Sisi twaitengeneza kwa mikono kwa sababu iliyo kinyume cha hiyo. Twataka kumpa mwenzetu nafasi yetu. Mtu apokeaye kadi iliyofanywa kwa mkono ajua kwamba kuna aliyeketi kimya muda mrefu akimkumbuka yeye peke yake.

2. Je, mikono yetu yaweza?

Labda mmoja wenu atasema: «Mimi ni mkulima, rangi za maji ni mambo ya watu wa mjini na wa Ulaya.» Hapana, sivyo.

Mwaka 1926, huko Bukama, katika Katanga, kando ya mto Lualaba, alikuwako mchonga pembe za ndovu aitwaye Albert Lubaki. Mtu huyo alikuwa akichora picha juu ya kuta za nyumba. Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya wakati ule, alizipenda picha hizo. Akaona kwamba ukuta wa udongo hauishi miaka mingi, kwa kuwa mvua huubomoa pamoja na picha yake. Basi akampa Lubaki karatasi na rangi za maji. Mkewe, Antoinette Lubaki, naye akachora. Picha za Albert Lubaki zikapelekwa Ulaya, zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929. Na hata mwaka 2015 picha za wachoraji hao wa Bukama zilionyeshwa Paris, watu wengi wakazitazama.

Basi rangi za maji si ngeni katika nchi yetu. Mkono uliozoea kisu au jembe waweza kujifunza na brashi.

3. Vitu vinavyohitajiwa

Karatasi. Iliyo bora kwa kazi hii ni nene, yenye uzito wa gramu 300 kwa meta moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina gramu 80 tu. Ikilowa hujikunja kama jani juani. Usipopata karatasi nene, paka rangi juu ya ile uliyo nayo, ingoje ikauke, kisha uibandike juu ya kipande cha boksi safi.

Rangi. Rangi za maji huuzwa katika vibati vidogo, kila rangi ikiwa kidonge kikavu. Kidonge hicho ni unga wa rangi uliochanganywa na utomvu wa mgunga. Utomvu huyeyuka majini, na maji yakikauka huushika unga juu ya karatasi. Asiye na kibati aweza kujaribu masizi ya chungu, au udongo mwekundu uliosagwa juu ya jiwe laini na kuchujwa kwa kitambaa, akatia matone machache ya maji yenye utomvu. Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri, lakini mwanga huififisha upesi.

Brashi. Ikikosekana, twaa kijiti laini, ukitafune ncha yake mpaka kiwe na nyuzi kama mswaki.

Gundi. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika vijiko vinane vya maji baridi, kisha weka motoni, ukikoroga daima, mpaka uji uwe mzito na kung'aa.

Vingine ni hivi: ubao ulionyoka, vikopo viwili vya maji, kitambaa, rula, kisu, kalamu ya wino, na kipande cha mshumaa mweupe. Kipande hicho kiwe chako mwenyewe. Usiondoe kitu kanisani.

4. Namna ya kutandaza rangi

Kwanza. Kata karatasi iwe na sentimeta 22 kwa 16. Pakaza gundi kidogo kwenye kingo zake nne na uibandike juu ya ubao, ili isijikunje. Baadaye utaukata ukingo wa sentimeta moja pande zote. Itabaki karatasi ya 20 kwa 14, nayo ikikunjwa katikati itakuwa kadi ya 10 kwa 14. Nusu ya kulia ndiyo uso wa kadi. Hapo ndipo utakapotia rangi.

Pili. Kabla ya kutia maji, chora msalaba au jua kwa mshumaa mweupe, ukikandamiza kwa nguvu. Hutaona kitu, kwa maana nta nyeupe juu ya karatasi nyeupe haionekani. Usihangaike.

Tatu. Lowesha uso wa kadi kwa maji safi, mpaka ung'ae bila kufanya vidimbwi. Kikopo kimoja kiwe cha kuoshea brashi, na cha pili kiwe cha maji safi, wala usivichanganye.

Nne. Twaa rangi ya manjano iliyo nyepesi, uitandaze sehemu ya chini. Osha brashi. Juu yake weka nyekundu kidogo sana. Osha tena. Sehemu ya juu weka buluu. Sasa inua ubao kidogo upande huu, kisha upande huu, ili rangi zikutane zenyewe. Hayo ni mapambazuko, saa ile wanawake walipokwenda kaburini wakalikuta tupu. Na tazama: palipochorwa kwa mshumaa, maji yamekataa kushika, na msalaba wako waonekana mweupe katikati ya rangi. Ulikuwapo tangu mwanzo. Ulingoja maji tu.

Tano. Acha! Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Waona mahali pasipowapendeza, wanarudisha brashi, wanasugua, wanaongeza rangi ya tatu juu ya mbili, na mwisho wapata matope. Weka ubao kivulini, mbali na kuku na vumbi, uende kwenye kazi nyingine. Rangi ikikauka itapauka kidogo. Ndiyo tabia yake.

Sita. Ikiisha kukauka kabisa, kata kingo, uiweke karatasi kati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu au ubao wenye jiwe, ilale usiku mzima. Asubuhi, pitisha mgongo wa kisu juu ya mstari wa katikati, ukifuata rula, bila kukata. Kisha ikunje, rangi ikiwa upande wa nje.

5. Weupe haupakwi, huachwa

Katika kazi ya rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Rangi hizi ni nyepesi kama kioo. Mwanga hupita ndani yake, hufika kwenye karatasi, ukarudi machoni petu. Kwa hiyo mchoraji akitaka weupe, hana budi kuulinda tangu mwanzo. Akiufunika wote, hawezi kuurudisha vizuri.

Twaona hapa mfano wa roho ya mtu ilindayo usafi wake. Lakini angalieni, wapenzi, mfano huu wafika mahali ukakoma. Weupe wa karatasi ukipotea, umepotea. Weupe wa roho sivyo. Katika Ubatizo Mungu huiosha roho yote: huondoa dhambi ya asili na dhambi zote ambazo mtu amezitenda mwenyewe, hata ziwe nyingi namna gani. Ndiyo sababu mtavikwa vazi jeupe usiku ule. Mchoraji hawezi kufanya hivyo kwa karatasi yake. Mungu aweza kwa mtoto wake.

6. Mfano wa kijana na kadi nne

Tuwaze habari ya kijana mmoja mkatekumeni. Alitengeneza kadi tatu nzuri: ya mama yake, ya baba yake wa ubatizo, na ya katekista wake. Akazileta kwa furaha. Katekista akazitazama, akamsifu, kisha akamwuliza:

«Mwanangu, mama yako alizaa watoto wangapi?»

«Wawili, Mwalimu. Kaka yangu na mimi.»

«Naona kadi tatu. Ya kaka yako siioni.»

Kijana akanyamaza. Mbuzi wa kaka yake walikuwa wameingia katika muhogo wake, wakala mistari mizima, na kaka hakusema hata neno la pole. Tangu siku ile hawakusalimiana, ijapokuwa nyumba zao zatazamana.

Jioni ile kijana akatwaa karatasi. Moyo wake ulikuwa na aibu, tena ulikuwa na hasira. Akatandaza rangi ya buluu upesi upesi, na kabla haijakauka akachovya kalamu, akaanza kuandika juu yake. Maji yakauchukua wino, yakautawanya katika nyuzi za karatasi. Herufi zikavimba, zikaungana, na hapakubaki neno hata moja la kusomeka. Akaipeleka kwa katekista, akasema: «Mwalimu, kazi imeharibika.»

«Niambie kwa mdomo maneno yaliyopotea.»

Kijana akasema: «Kaka, mimi nabatizwa, basi nakusamehe, ijapokuwa mbuzi wako walikula muhogo wangu, nawe hukuomba radhi, na watu wote wajua.» Alipokuwa akiyatamka, akayasikia kwa masikio yake mwenyewe, akainamisha kichwa.

Katekista akamwambia: «Mwanangu, hiyo si salamu. Hayo ni mashtaka yaliyovaa nguo ya sikukuu. Mshukuru Mungu kwamba wino ulitawanyika. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Karatasi iliyolowa haiandikiki, na moyo uliolowa hasira hauandiki vema. Nenda, utandaze rangi nyingine, uiache ilale. Nawe ulale pia.»

Kijana akafanya hivyo. Asubuhi, karatasi ilipokuwa kavu na moyo wake umetulia, akaandika mistari mitatu: «Kaka yangu. Katika Mkesha wa Pasaka nabatizwa. Bila wewe kanisani, furaha yangu ni nusu.» Habari ya mbuzi hakuitaja.

Hakumtuma mtoto kuipeleka. Aliivuka njia mwenyewe. Kaka yake hakujua kusoma. Akampa binti yake mdogo, naye akaisoma kwa sauti uani. Kaka hakujibu. Aliigeuza kadi, akaitazama ile buluu, akaigeuza tena. Kisha akamwambia binti yake: «Mletee baba yako mdogo kiti.»

Habari ya mbuzi na muhogo waliizungumza baadaye, tena waliizungumza sana. Lakini waliizungumza wakiwa wameketi.

7. Maneno ya kuandika

Yawe machache na ya kweli. Uso wa kadi watosha kuwa na maneno mawili: «Kristu Amefufuka.» Ndani, andika mambo matatu: jina la ukoo au la heshima la yule unayemsalimu, jambo moja ambalo wamshukuru au wamwomba, na jina lako. Kwa mfano: «Mama, ulibeba jembe langu pamoja na lako ili nifike kwenye mafundisho. Mungu akulipe. Mwanao.» Usinakili maneno makubwa ya kadi za madukani, mama hatakusikia ndani yake.

Asiyejua kuandika aseme maneno yake mwenyewe, na mwenzake amwandikie. Kisha achovye kidole gumba katika rangi na kuweka alama yake chini. Hiyo ni sahihi njema.

8. Kadi na miguu

Mwisho, shikeni neno hili, kwa maana ndilo kiini cha somo. Kadi huchukua salamu mpaka mahali ambapo miguu haiwezi kufika. Kama msimamizi wako akaa mji wa mbali, kadi na iende. Lakini mahali ambapo miguu yaweza kufika, kadi isiwe kisingizio cha kutokwenda. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu aletaye sadaka yake altareni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana naye, ndipo arudi kuitoa. Hakusema apeleke salamu tu, alisema aende.

Kumbukeni tena: Bwana hakuuliza ni nani aliyeanza ugomvi. Alisema habari ya ndugu aliye na neno juu yetu. Basi asingoje mtu kaka yake aanze.

Maswali ya kujipima

Kwa nini karatasi nene ni bora kuliko nyembamba?
Kwa kuwa haijikunji ikilowa maji.

Rangi ya maji hushikwa na nini juu ya karatasi?
Hushikwa na utomvu wa mgunga, maji yakiisha kukauka.

Weupe wa kadi hutoka wapi?
Hutoka katika karatasi yenyewe iliyoachwa bila rangi.

Nani arudishaye weupe wa roho uliopotea?
Mungu peke yake. Katika Ubatizo huondoa dhambi ya asili na dhambi zote.

Kwa nini tungoje rangi ikauke kabla ya kuandika?
Ili wino usitawanyike. Vivyo hivyo twangoja hasira itulie kabla ya kusema na ndugu.

Je, kadi yatosha mahali pa kwenda wenyewe?
Haitoshi, kama miguu yaweza kufika.

Azimio

Juma hili nitatengeneza kadi mbili: moja kwa mtu ninayemshukuru, na moja kwa mtu ambaye imeniwia vigumu kumsalimu. Ya pili nitaipeleka mwenyewe kabla ya Mkesha wa Pasaka.

Sala

Ee Mungu Baba, uliyetandaza mapambazuko juu ya kaburi la Mwanao, utulize mioyo yetu kama maji yatuliavyo. Utuoshe kwa Ubatizo, utupe maneno ya kweli, nawe uiongoze miguu yetu mpaka mlangoni pa ndugu yetu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.